Chokaa ya Kumpokea Mama

Jumamosi, 4 Januari 1969

Nina nyumba! Naandika tena nione inavyopendeza: nina nyumba. Mimi Nasriya, ambaye juzi tu nilikuwa nalala Dubai kwenye ukumbi wa mama mdogo, mgongo kwa mgongo na mama yangu, leo nina mlango, ua, kisima, ngazi, dari — na mume!

Tumeshuka melini asubuhi. Meli haifiki ukingoni, inatia nanga mbali, unateremshwa kwenye mashua huku unasoma kila dua unayoijua. Nilimshika Aflah mkono mbele za watu. Hakuuvuta mkono wake. Hilo peke yake lingenitosha kwa siku nzima.

Na Maskati sasa! Majabali meusi yamesimama pande zote, na juu yake ngome mbili, moja kushoto, moja kulia, kama masikio ya paka aliyelala. Mji wenyewe umejikunja katikati, mdogo, wa rangi ya biskuti. Kwenye mawe ya bandarini mabaharia wa meli zilizopita wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kuliko mtu. Aflah akaniambia ukitaka nitapanda nikaandike NASRIYA. Nikamwambia usithubutu. (Nilitamani athubutu.)

Nyumba yetu iko ndani ya ukuta wa mji, kwenye kichochoro nyuma ya Lango Kubwa. Aliyetuuzia amehamia Matrah. Ni ya zamani hata yeye hajui umri wake. Ufunguo ni mrefu kama mkono wa mtoto mchanga. Nimepanda ngazi, hakuna kidato kinachofanana na mwenziwe, nikaingia chumba cha juu, nikainua kichwa — nikalia.

Boriti! Dari ya boriti za mikandaa, zilezile za kwetu, nyekundu, zimepangwa moja baada ya moja kama vidole. Aflah anasema zilikuja zamani kutoka pwani yetu, Maskati haina miti ya kujengea. Kwa hivyo zimenitangulia. Zimekaa hapa miaka yote zikinisubiri.

Chumba hicho ni cha mama. Tulipoagana aliniomba kitu kimoja tu: nitafutie chumba chenye dari ya boriti, nimechoka kulala nikitazama bati. Nyumba yake ya Malindi, Unguja, iliyochukuliwa mwaka wa sitini na nne, ilikuwa na dari kama hii.

Lakini nchi hii haingii mtu bila ruhusa ya serikali. Kesho Aflah atapeleka ombi la mama.


Jumanne, 7 Januari

Aibu! Aibu tamu, lakini aibu.

Wanawake wa kichochoro wamenialika kahawa. Wanakunywa kila asubuhi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mkubwa wao ni Bi Masouda, jirani wa ukuta kwa ukuta. Aliolewa Unguja usichana wake, akarudi huku mjane, na Kiswahili chake kimebaki kilekile cha zamani, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. Nilipomsikia nilitaka kumkumbatia. Jirani wa mbele ni Bakhita, mnene, mcheshi, ana mbuzi, na Kiswahili hajui. Mbuzi wake wanakula samaki wakavu! Nimeona kwa macho yangu. Mbuzi anatafuna dagaa kama sisi tunavyotafuna karanga.

Wakanimiminia kahawa. Kikombe kidogo, nikanywa. Wakajaza. Nikanywa. Wakajaza. Nikasema moyoni, hawa wana ukarimu! Nikanywa. Kumkatalia mtu ni ufidhuli, mama kanilea hivyo. Nilipoanza kutetemeka mikono Bi Masouda akasema, "Mwanangu, unataka kutumalizia buni ya mwaka? Tikisa kikombe!"

Kumbe hapa husemi basi. Unakitikisa kikombe kidogo hivi, kulia na kushoto, ndipo mwenye kumimina anajua umetosheka. Usipotikisa, atamimina mpaka ngome zipige mizinga ya jioni. Na mgeni ambaye hajatikisa hana pa kwenda, na mwenyeji hana ruhusa ya kumchoka.

Bakhita alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema kitu kwa Kiarabu, Bi Masouda akanitafsiria: biarusi huyu usiku wa leo hatalala, mumewe ajihadhari. Nikauficha uso kwa mtandio.

Nawapenda wote.


Alhamisi, 9 Januari

Ikishapigwa mizinga ya ngome, malango ya mji yanafungwa na anayetembea lazima ashike taa mkononi. Aflah anaona udhia. Mimi nilimtazama kutoka dirishani akirudi kutoka kwa rafiki yake na fanusi, uso wake ukiwaka kidogo kidogo kwenye kiza. Mji gani mwingine unamleta mumeo nyumbani hivyo?


Jumatano, 15 Januari

Ombi la mama limepokelewa. Liko kwa Sheikh Marhoon, ndiye mwenye kutazama maombi ya wageni. Kabla hajasema neno anakuja mwenyewe kuona nyumba: mgeni atalala wapi, na mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Siku gani? Hajasema.

Nimemuuliza Bi Masouda kama huwa wanakataa. Akasema hawakatai, wananyamaza. Alikuwa na mpwa wake Mombasa, akamwombea. Mwaka huu wa nne. "Hawakusema la, mwanangu. Ningejua la, ningelia nikamaliza."

Nikamuuliza, alikuwa na kosa gani? Akasema mpwa hakuwa na kosa. Mwenye kumwombea, yaani yeye mwenyewe, ndiye aliyekuwa na kosa, alitoboa dirisha bila ruhusa. Hapa hujengi, hubomoi, hutoboi bila ruhusa.

Nikamwambia sisi hatutatoboa kitu! Tuna madirisha ya kutosha. Yana vimiti vilivyosukwa kama ukili, jua linaingia vipande vipande na kumwagika sakafuni. Nimetandika kitanda cha mama chini ya boriti. Nimemwekea chetezo na udi. Nimelala pale dakika chache mchana, kujaribu. Atapenda.

Barua yake imefika. Anasema ukumbini sasa wako saba, na yeye amepewa sehemu karibu na mlango, baridi inapita. Anasema hajambo. Mama akisema hajambo mara mbili katika barua moja, basi ana jambo.


Ijumaa, 24 Januari — asubuhi

Siku nzuri kuliko zote tangu harusi!

Ilikuwa shauri langu. Ndani nyumba inang'aa, lakini nje ukuta ni wa madoa, umebanduka, kama uso wa mtu aliyeamka na homa. Mama atokee kona ya kichochoro, kitu cha kwanza akione hicho? Yeye ambaye kila Idi alikuwa anafunga kanga kiunoni akapaka chokaa nyumba yake kwa mkono wake, asimwachie fundi? Aflah akasema, kweli, nyumba ya maharusi haikai hivi. Jana alirudi na chokaa. Leo Ijumaa kampuni ya mafuta anakofanya kazi imepumzika. Baada tu ya sala ya alfajiri tukaanza.

Mimi nachanganya uani, yeye anapaka. Halafu sikuvumilia. Nikavaa buibui nikatoka na brashi ya makuti, nikapaka vile vikuta viwili vifupi pembeni mwa mlango, na kibaraza. Kichochoro kizima kimelala. Aflah juu ya ngazi, ana chokaa kwenye ndevu, nikamwambia nimeolewa na mzee. Akanidondoshea tone puani. Nikamrushia la kwake. Tulicheka bila sauti, ndiyo maana mbavu zinauma.

Jua lilipopanda juu ya jabali likaupiga ukuta wetu — Mungu wangu! Mweupe! Kichochoro chote kikang'aa kwa ajili yake. Kama jino moja jipya katika kinywa cha bibi. Nimesimama nikamwona mama moyoni, anatokea pale konani, anatua mzigo, anatazama.


Ijumaa — alasiri



Asubuhi sikusikia kelele za kawaida. Watu wanafika konani, wananyamaza, wanapita haraka. Hata Bakhita alitoa kichwa, akaona, akakirudisha ndani. Halafu Bi Masouda kaja, hakubisha hodi.

"Nani kakupeni ruhusa?"

Nikasema ruhusa ya nini, Bi Masouda? Hatukujenga. Hatukutoboa. Ni chokaa tu.

"Ni chokaa tu! Haya, umkamate mbwa kwa mkia useme ni mkia tu!"

Aflah akaingia kutoka msikitini, akatusikia, uso ukambadilika. Alisema kwetu chokaa si ujenzi, ni usafi, ni kama kufagia. Bi Masouda akamwambia, "Kwenu, baba. Kwenu. Hapa hajui mtu kama chokaa ni kufagia au ni kujenga, maana hapana aliyewahi kuuliza. Watu wanakaa na kuta zao chafu kwa salama. Weye miaka miwili uko Maskati, hukuona kwamba mji mzima hauna ukuta mpya?"

Aflah kweli hakuona. Alikuwa anakaa kambini kwa kampuni, nje ya mji. Na mimi ndiye niliyeomba. Nilikuwa nimeutazama mji huu nikaona uzuri tu, sikujiuliza kwa nini uzuri huo wote umeachwa ubanduke.

Akatuambia, polepole sasa, kwa huruma: Sheikh Marhoon si mbaya. Lakini akiona, itambidi aseme. Ndiyo kazi yake. Asipoona, hana la kusema.

Na anakuja Jumanne. Aflah kapewa khabari msikitini leo, baada ya sala. Alikuwa anarudi kuniambia kwa furaha.


Jumamosi, 25 Januari

Unauchafuaje ukuta? Skuli nilisoma jiografia, historia, mashairi na hesabu za aljebra. Hili halikuwemo.

Aflah kaenda kazini kichwa chini. Mimi nilichukua masizi ya sufuria nikapaka kidogo kando ya mlango. Likatokea doa jeusi linalofanana na ramani ya Afrika. Nikajaribu kulifuta. Ikawa Afrika na Uhindi.

Kisha nikasikia maji — chwaa! Nikachungulia. Mwanamke simjui, ana beseni la maji ya vyombo, kamwaga ukutani kwetu na kaendelea na safari yake bila kugeuka. Nilitaka kukasirika. Mara mwingine — chwaa! Maji ya kuoshea samaki. Halafu mwingine. Kila anayepita anamwaga, na hakuna anayetazama. Nikaelewa, nikakaa chini kwenye ngazi nikalia kwa mara ya pili katika nyumba hii, na safari hii pia si kwa huzuni. Hawanijui! Mwezi haujatimia nimekuja!

Bakhita alikuja na fikra yake mwenyewe: maji ya asali ya tende. Rangi yake, anasema, ni rangi ya uzee. Na kweli, yakateremka ukutani kahawia safi, kama miaka thelathini imepita. Tukampigia vigelegele vya kimyakimya.


Jumapili, 26 Januari

Nzi.

Nzi wa Maskati yote, wa Matrah yote. Ukuta ulikuwa mweusi unaotembea. Na mbuzi wa Bakhita wamejipanga kwenye nyumba yetu wanalamba! Walipoilamba asali, ikatokea chini yake chokaa nyeupe, michirizi ya ndimi, juu mpaka chini. Hata anayepita na mambo yake alisimama kutazama. Bi Masouda akatoka na ufagio, anawapiga mbuzi, anamtukana Bakhita kwa lugha mbili: "Mwanamke weye! Tumekwambia uufiche ukuta, umeufanyia karamu!" Bakhita kajibu, na nilielewa hata kwa Kiarabu changu kibovu: angalau mbuzi wake wana heshima, wameitikia mwaliko.

Nilicheka na huku nina khofu. Siku moja tu imebaki.


Jumatatu, 27 Januari

Tumeweza! Ni Bi Masouda. Udongo wa bonde la nje ya lango, majivu, na maji ya samaki waliochemshwa. Bakhita kaukanda kwa mikono yake, mikono ile inaweza kukanda jabali. Tumepaka nyembamba, tukapiga kwa kitambaa, tukaacha palipobanduka pabaki pamebanduka. Vikuta viwili vya mlangoni nilipaka mwenyewe. Jioni umekauka. Ukiusogelea unanuka, lakini ukiutazama — ukuta wa Maskati, haki ya Mungu. Hauna tofauti na wa jirani.

Aflah karudi, kasimama konani, akautafuta mlango wake. Akasema, nimeoa mwanamke nikapata soko la samaki. Kisha, chumbani kwa mama, chini ya boriti, aliniambia kwamba tangu mwaka ule wa sitini na nne hajawahi kuwa na jirani. Watu wa kukaa karibu naye, ndiyo. Jirani, hapana. Nilimbusu mkono, wangu ukiwa bado na majivu.

Bakhita anatazama juu ya jabali na kukunja pua. Kuna wingu. Bi Masouda anasema wacha we, hapa mawingu huja kutembea tu.


Jumanne, 28 Januari

Yuko ndani. Naandika kwenye chumba cha mama kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele. Kutoka dirisha hili naona uani, na sebule ya chini, mlango wake uko wazi, na ukumbi, na mlango wa nje, nao uko wazi kwa heshima ya mgeni.

Kaja baada ya alasiri. Mfupi, ndevu za hina, fimbo ya fedha. Kichochoroni kapita ukutani bila hata kupunguza mwendo! Nilikuwa nyuma ya dirisha na Bi Masouda kanishika mkono mpaka vidole vimekufa ganzi. Kapita! Kaja juu huku nimejificha na Bi Masouda jikoni, kaona chumba, kaona kitanda. Aflah, alipokuja jikoni kuchukua kahawa, kaninong'oneza kwamba Sheikh kagonga boriti moja kwa fimbo, kasikiliza, akasema miti ya Zanzibar hii, mchwa hawaiwezi. Kauliza nani atalala hapa. Mama wa mke wangu. Kauliza ana umri gani, ana watoto wangapi, watoto wako wapi. Aflah kamjibu: ana mmoja tu, yuko hapa.

Wakateremka. Kahawa, halua, maneno ya afya. Kanywa kikombe kimoja. Cha pili. Niliona mkono wake unaanza kukigeuza, unataka kutikisa — na mvua ikaanguka.

Si manyunyu. Mvua! Kama mtu kapindua pipa juu ya jabali. Watoto wanapiga kelele ghaith, ghaith, yaani mvua ya rehema, kichochoro kizima kinamshukuru Mungu, na mimi naomba Mungu anisamehe kwa niliyoyasema.

Udongo unashuka. Nauona unapita chini ya kizingiti, maji ya kahawia, yanaingia ukumbini, harufu ya samaki imenifikia hadi huku juu. Bakhita kasimama mlangoni kwake, mikono kichwani, ananitazama. Ananionyesha kwa kidole ukuta wetu, kisha anafumba macho. Nimeelewa.

Na vile vikuta viwili! Kimoja kinaonekana kutoka sebuleni, mbele kabisa ya pale alipokaa Sheikh Marhoon. Mimi ndiye niliyekipaka, kwa furaha, mara mbili. Kinatoka kwenye udongo kama mtu anayevua nguo. Cheupe. Cheupe kabisa. Ukumbi umepata mwanga.

Aflah kaona. Kainuka kufunga mlango. Sheikh Marhoon kamwambia — nimesikia kila neno — acha, mvua ni rehema, hatuifungii mlango. Aflah kasimama katikati ya sebule na dele la kahawa mkononi, hajui akae au asimame. Maskini mume wangu. Mgongo wake umenyooka, hakuinamisha kichwa. Sijawahi kumpenda kama dakika hii.

Sheikh Marhoon anatazama mlangoni. Anatazama muda mrefu. Kakohoa.

Sasa kafanya jambo. Kainuka kidogo, kachukua mto wake, kauhamisha upande wa pili wa mkeka. Kakaa. Mgongo kwa mlango, uso kwa ukuta wa ndani, ambao hauna kitu, hata saa hauna.

Kanyoosha mkono na kikombe.

Aflah anamimina. Anakunywa. Ananyoosha tena. Wanazungumza khabari za mchwa.

Mvua haijapungua, na nje kiza kinaanza kuingia. Bi Masouda ananiuliza kutoka ngazini, kwa kunong'ona, vipi, katikisa?

Nimemwambia bado. Ananyoosha tena.